Kiande Hakikungoja Kiingereza

Shemeji yangu Gachanja ana ugonjwa ambao hauna dawa katika hospitali yoyote ya Thika. Hawezi kusikia neno la Kiingereza likipita bila kulisimamisha na kulikagua kama askari wa trafiki. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, akastaafu, na tangu siku hiyo akaamini kwamba kazi aliyobakiziwa na Mungu ni kuturekebisha sisi. Ukituma salamu kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia, anakurudishia salamu zako zikiwa zimenyooshwa. Mume wangu Maina, ambaye ni mdogo wake, alipofariki, jeneza lilingoja juu ya kamba kwa sababu Gachanja alikuwa ameona koma mahali pabaya katika ratiba ya mazishi, na akataka pasta aambiwe kabla ya kuendelea. Nilikuwa nimesimama pale nimeshika mkono wa binti yangu, na msiba ukawa ni wa koma. Sijamsamehe na sina haraka.

Huyo ndiye niliyelazimika kumkabidhi harusi ya binti yangu.

Mimi naitwa Ngendo. Nauza mitumba Makongeni, hapo Thika, na Wangechi ndiye mtoto wangu wa pekee. Katika ngurario, ile siku ya kufunga ndoa ya kimila, mjane hasemi. Anapika, anatabasamu, na anatafutiwa mwanamume wa kumsemea. Upande wa kijana nao ulikuwa na shida hiyo hiyo. Absalom ni fundi wa umeme, Mluhya aliyezaliwa na kukulia Ruiru, na mama yake Selpha ni mjane kama mimi. Alichuma kahawa kule Ruiru hadi kahawa ikang'olewa na mashamba yakakatwa maploti. Yeye alisemewa na kaka yake Dalmas, naibu mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa kukohoa mara mbili kabla ya kusema lolote, ili watu wajipange. Kwa hivyo tulikuwa wajane wawili tulioazima midomo ya wanaume, na midomo tuliyoazima ilikuwa mikubwa kuliko harusi yenyewe.

Lazima nieleze kuhusu kiande, kwa sababu bila kiande hakuna ndoa. Kwetu pete ni urembo tu. Kinachofunga ni bega la mbuzi wa kuchoma, ambalo kijana hulikata mbele ya watu wa pande zote mbili, kisha anamlisha msichana kipande cha kwanza. Likishakatwa, wewe ni mke wa mtu, hata kama mvua inanyesha na pasta amelala. Lisipokatwa, hata mkinywa soda kreti kumi, mmekunywa soda tu.

Na siku hiyo kulikuwa na haraka. Absalom alikuwa amepata kazi Doha, mkataba wa miaka miwili, na wakala akairudisha tiketi nyuma ikaangukia siku ile ile ya ngurario. Saa kumi jioni alitakiwa awe ameondoka kijijini kwetu Gatuanyaga kuelekea uwanja wa ndege. Gachanja alijua. Nilimwambia mwenyewe, mara nyingi, na kila mara alinijibu kwamba mila haina ndege. Alikuwa amekwisha kutangaza kuwa kijana akiondoka kabla ya kukata kiande, basi yeye ni mgeni aliyepita, na Wangechi hataenda kuishi Ruiru kwa mama wa mtu ambaye si mume wake. Tena alikuwa na rafiki yake ambaye kijana wake ana digrii ya Kiingereza. Alikuwa akimtaja huyo kijana kila tulipokutana, kwa sauti ya mtu anayekuonyesha blanketi dukani. Wangechi alisikia akalia usiku mzima. Alimtaka Absalom, na alitaka apande ndege akiwa mumewe.

Basi tukakutana Gatuanyaga, kwa mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Cucu. Tulikodisha hema na viti vya plastiki, tukamwagia maji vumbi la uani. Wageni walifika mapema, wakaimba nje ya lango kama inavyotakiwa, na wanawake wetu wakawajibu kutoka ndani kwa nyimbo za kuwadharau kidogo, nayo pia ndivyo inavyotakiwa. Walipoingia, nilikuwa tayari kugawa chakula. Kwa kawaida watu hula kwanza. Gachanja alinishika mkono mlangoni pa jikoni.

"Hapana, Mama Wangechi. Leo tunaanza na speeches. Mtu akishiba hasikii."

"Shemeji, saa kumi huyu kijana anaenda."

"Speech ya dakika tano, Ngendo. Yangu tano, ya yule mwalimu tano. Halafu achague bibi arusi, akate kiande, tukule. Unaona hesabu?"

Niliiona hesabu. Nikarudi kuponda mukimo wangu wa viazi na mahindi.

Dalmas alisimama, akakohoa, akakohoa tena. Akafungua mikono.

"My people," akasema, "this is a historical day."

Hapo ndipo siku yetu ilipofia. Gachanja aliinua kidole kimoja. Mimi nakijua kile kidole. Nilikiona makaburini.

"Point of correction, Mwalimu. Karibu sana, feel at home. Lakini siku ni historic. Historical ni mambo ya museum."

Dalmas alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akairudisha. "Mzee, mimi nimefunza hii lugha miaka mingi, na wale watoto saa hii ni madaktari. Historical."

"Basi hao madaktari wanatibu historical diseases."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka kule jikoni, Mungu anisamehe, kwa sababu mwanamume aliyechekewa mara moja haketi tena. Gachanja alirekebisha koti lake, akasogea mbele ya meza, na akaanza kufundisha.

Nitawaeleza tofauti yenyewe jinsi pasta wetu alivyonieleza baadaye, maana yeye naye aliitwa kutoa ushahidi. Historic ni kitu kikubwa ambacho watu watakikumbuka. Historical ni kitu chochote cha mambo ya zamani, kiwe kikubwa au kidogo. Basi. Ni hayo tu. Mtu angeweza kusema hivyo, watu wakaitikia, na nikapakua pilau. Lakini pasta naye hakukubali kusema hivyo kwa ufupi. Alianzia kwenye kutoka kwa wana wa Israeli, akauliza kama kuvuka Bahari ya Shamu kulikuwa historic au historical, akasema ni vyote viwili, akaketi akiwa ameridhika. Wazee wawili wakamshukuru, kila mmoja akasema pasta amemuunga mkono yeye.

Binamu yake Absalom, msichana anayeitwa Bridget, alijaribu kutuokoa. Alichukua simu yake akatafuta mtandao. Gatuanyaga mtandao ni wa kuvizia, kwa hivyo alipanda juu ya kreti ya soda karibu na tangi la maji, akasoma kwa sauti yale aliyoyaona.

"Inasema hapo zamani watu walitumia moja kwa nyingine," akasema. "So, wazee wetu, inaweza kuwa—"

"Hiyo ni dictionary ya Marekani," akasema Dalmas.

"Marekani kabisa," akasema Gachanja. "Shuka hapo, msichana."

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana siku hiyo. Bridget akashuka.

Jua likasogea. Watoto walikuwa wamemaliza soda zote za meza ya wageni. Nyuma ya nyumba, Musau, jirani yetu Mkamba ambaye hakuna sherehe ya upande huu anayokosa kuchoma nyama, alikuja akanong'ona kwangu na kisu mkononi.

"Mama Wangechi, hii mbuzi imeiva. Nikaitoa. Ikapoa, nikairudisha. Sasa inaiva mara ya pili. Mimi siwezi choma mbuzi mpaka ikuwe mkaa."

Niliingia sebuleni kuwapelekea wasichana maji. Ni mila kwamba bibi arusi hufichwa katikati ya wenzake, wote wamefunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, na kijana hutakiwa kumtambua aliye wake. Akikosea, watu humcheka mpaka uzeeni. Walikuwa watano, wameketi kwenye kochi wakiwa wamefunikwa tangu asubuhi. Wanne walikuwa wakikanyagana na kucheka chini ya leso. Mmoja alikuwa ametulia, na leso yake ilikuwa imelowa mbele. Nilimpa maji. Nilihisi hasira ikinipanda kutoka miguuni.

Nilitoka nikamkuta Absalom ameinama kando ya Gachanja, mikono nyuma, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Mzee, samahani. Saa inaenda. Naomba tu tufike pale pa kiande."

"Kijana," Gachanja akasema bila kugeuka, "wazee wakiongea hawakatizwi. Kwenu hamfundishwi?"

Maneno hayo, *kwenu hamfundishwi*, yalikuwa mabaya kuliko Kiingereza chote cha siku hiyo. Dalmas aliyasikia. Viti vya wageni vikalia. Selpha alimvuta kaka yake koti.

"Dalmas, ndugu yangu, achana na hiyo maneno. Sema ni hiyo yake. Kijana asafiri."

"Selpha, keti," Dalmas akasema. "Hii si maneno ya harusi tena. Hii ni heshima ya Mluhya." Kisha akamgeukia Gachanja. "Mzee, wewe hata hujui kama unakula 'rice' ama 'lice', na unanifunza mimi English?"

"Na wewe umesalimia hii boma 'kut afternoon'," Gachanja akajibu. "Tukakusamehe kwa sababu umetoka mbali."

Kutoka kwenye maneno wakaingia kwenye matamshi ya kikabila, na sasa kila upande ukawa na hoja. Wazee wa kwetu waliokuwa wamesinzia wakaamka wakasema Gachanja asikubali. Shangazi mmoja kutoka Ruiru akasema afadhali warudi na tangi lao la maji walilolileta kama zawadi, na vijana wawili kwa kweli wakasimama kulishika. Watu ambao kwa muda wote huo hawakuwa wamelijua hata moja kati ya yale maneno mawili sasa walikuwa tayari kuyafia. Mtu wa mtaa wa Kiandutu ambaye hakualikwa, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya nyama, alipaza sauti kuliko wote kwamba ni historical, akaulizwa kwa nini, akasema kwa sababu ni refu.

Absalom alirudi mara ya pili. Safari hii alipiga magoti kwenye vumbi, suti na yote. Niliona kwa macho yangu.

"Mzee, kama kiande haiwezekani, basi nibariki tu niende. Usiniache niende hivi hivi."

Gachanja aliweka mkono juu ya kichwa cha kijana, nikafikiri ameelewa. Kumbe alikuwa anamsogeza kando ili amwone Dalmas vizuri.

"Ngoja kwanza nimalize na mjomba wako," akasema.

Absalom aliinuka akapangusa magoti. Nami nikajua kwamba kama nitaendelea kupika na kutabasamu, binti yangu atalia chini ya ile leso hadi giza, na ndege itapita juu yetu.

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Cucu alikuwa ameketi kwenye kigoda chake karibu na moto wa Musau, fimbo mapajani. Macho yake hayaoni sana siku hizi, lakini masikio yake yanasikia hata mambo ambayo bado tunafikiria kuyasema.

"Wanapigania nini huko mbele?" akaniuliza. "Ng'ombe?"

"Hapana, Cucu. Maneno mawili."

"Ya matusi?"

"La. Ni maneno yanayofanana. Mmoja anataka hili, mwingine anataka lile."

"Ni maneno ya nani?"

"Ya Wazungu."

"Kuna Mzungu amekuja?"

"Hapana, Cucu. Hakuna."

Aligeuza fimbo. "Na huyo mume wa Wangechi anaenda saa ngapi?"

"Saa hii alipaswa kuwa barabarani."

"Haiya," akasema Cucu. "Musau, kiande iko?"

"Iko, Cucu."

"Basi leteni watoto hapa. Mimi ndio nilizaa huyo anayeongea huko. Nikiwa hapa, boma ya Maina iko na mtu. Nani amesema kiande inakatwa mbele tu? Mbuzi haijui mbele na nyuma."

Nilitaka kumkumbatia lakini hapendi. Nikamtuma Bridget amwite Selpha na Absalom kimya kimya, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda choo. Nilidhani Cucu ataruka yale ya kuchagua, kwa sababu ya saa. Hapana. Aligonga fimbo chini akasema mjukuu wake haozwi kama mtu anayeuza kuku kwa dirisha, na kila kitu kifanywe sawasawa. Kwa hivyo wasichana wakatolewa kwa mlango wa jikoni wakiwa wamefunikwa, wakapangwa karibu na rundo la kuni. Leso tano, urefu ule ule, viatu vimefichwa, hakuna hata unywele uliokuwa nje.

Absalom hakuzunguka. Hakumpima yeyote urefu wala kuinama kutazama vidole kama vijana wengine wanavyofanya. Alikwenda moja kwa moja kwa wa nne.

"Huyu."

"Umejuaje?" Cucu akamuuliza.

"Hawa wengine wanacheka, Cucu. Huyu analia."

"Mfungue."

Alimfunua. Uso wa Wangechi ulikuwa umevimba, poda yote imekwisha, na sijawahi kumwona mrembo kama alivyokuwa wakati ule. Wale wanne wengine wakaacha kucheka. Selpha alikuwa ameshika kiganja changu akikibana hadi pete yangu ikaniumiza.

Musau aliweka kiande kwenye majani ya mgomba, akampa Absalom kisu na kumwonyesha kwa ncha ya kidole mahali pa kiungo. Kisu kikateleza mara moja, halafu kikapata njia. Bega likaachana. Akakata kipande, akampulizia, akamlisha. Wangechi alitafuna akilia na kucheka pamoja, na mafuta yakamteremka kidevuni. Selpha alifungua mdomo apige vigelegele kwa nguvu zote za Waluhya, nikamziba kwa kiganja. Basi tukapiga ngemi, vigelegele vya kwetu, kwa kunong'ona, sisi wanawake nyuma ya nyumba, nafikiri ndizo ngemi za kwanza duniani kupigwa kwa siri. Bridget alikuwa ameshika simu anachukua video. Cucu alijitemea mate kidogo kifuani, akawatemea na wao, akawabariki kwa Kikuyu, na Absalom ambaye hajui hata nusu ya maneno yale akaitikia "amina" mahali pote panapotakiwa.

Akala mukimo akiwa amesimama. Selpha na Wangechi walikuwa wanakwenda naye uwanja wa ndege, kisha Ruiru, mama na mke wa mtu. Gari la Bridget lilikuwa limeegeshwa nje ya ua, na ili injini isituvunjie mkutano, tulilisukuma, mimi na Musau na wale wasichana wanne na leso zao mabegani, hadi barabarani kwenye vumbi.

Kabla ya kuingia garini Wangechi alirudi akasimama kwenye kona ya nyumba. Kutoka pale alimwona Gachanja vizuri. Shemeji alikuwa ametugeuzia mgongo, anapiga meza kwa kila silabi. Ni yeye aliyemlipia karo ya kidato cha nne baada ya Maina kufa, sitaficha hilo, na ni yeye aliyemfundisha kuendesha baiskeli katika barabara ile ile. Wangechi alingoja ageuke. Alingoja kuliko nilivyotaka.

"Hajaniangalia leo hata mara moja, Mami," akasema.

"Nenda," nikamwambia. "Nitamwambia."

Wakaenda.

Mbele huko mambo yalikuwa yakifikia mwisho kwa kuchoka. Nilirudi nikasikia Gachanja akitangaza kwamba pande mbili zimekubaliana kuahirisha shughuli zote hadi kamusi kubwa ipatikane, ya Uingereza, na kwamba hakuna kiande kitakachokatwa kabla ya hapo. Dalmas akasema anaunga mkono. Walishikana mikono. Kwa kweli walikuwa wamependana, wale wawili. Walikuwa wamepata kila mmoja mtu wake wa kumsikiliza baada ya miaka mingi ya kustaafu, na harusi ilikuwa ni pesa ndogo ya kulipia furaha hiyo.

"Mwiteni kijana," akasema Gachanja. "Nimweleze."

"Ameenda," nikasema.

Sikuwa nimeruhusiwa kusema, lakini nilisema.

"Ameenda wapi?"

"Doha. Na mkewe amemsindikiza."

"Mke gani?"

Musau akatokea kando ya nyumba na sinia. Juu ya majani ya mgomba kulikuwa na kiande, kimekatwa kwenye kiungo, na kipande kimoja hakipo. Wazee wote wa kwetu walisimama kukitazama. Hakuna mtu anayehitaji kuelezwa kiande kilichokatwa ni nini.

"Nani ameruhusu?" Gachanja akauliza.

"Mama yako."

Cucu alikuwa amekwisha kuja, anaburuta fimbo, anatafuta kiti. Alipata kiti akaketi.

"This is illegal!" akapaza sauti Dalmas, maana ndipo alipogundua kwamba hata dada yake hayupo.

"Si illegal, Mwalimu," Gachanja akasema, kidole juu. "Unlawful. Illegal ni—"

"Hayo ni sawa, mzee. Ukiangalia kwa—"

"Si sawa hata kidogo. Unlawful ni—"

Mtu mmoja akaanza kucheka, sijui ni wa upande gani, halafu mwingine, halafu hema nzima, Waluhya na Wakikuyu na yule mtu wa Kiandutu, watu wakashikana mabega na viti vikaanguka. Wale vijana wawili wakaliachilia tangi la maji. Nikawaambia wasichana wapakue pilau. Hakuna aliyengoja ruhusa.

Mimi nilikuwa na jambo moja lililobaki. Masikio ya mbuzi wa kiande hayaliwi ovyo. Hupewa wasichana wadogo wa boma, ili wakue wakiwa watu wa kusikia. Nilimwambia Musau ayakate yote mawili. Nikaweka moja kwenye sahani hii na lingine kwenye sahani ile, na chumvi pembeni, nikawapelekea wasemaji wetu pale mezani mbele ya watu wote.

Dalmas alitazama sahani yake. Ni Mluhya, hakujua maana, akaanza kula kwa shukrani.

Gachanja alijua maana. Kile kidole kilishuka. Aliangalia sikio, akaangalia kiti ambacho Absalom alikuwa amekalia, akaangalia mlango wa sebule uliokuwa wazi na kochi tupu ndani. Aliponisemesha, alinisemesha kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, polepole, bila neno moja la Kiingereza.

"Ngendo. Ameenda bila mimi kumbariki?"

"Kijana alikupigia magoti," nikamwambia. "Ukamsogeza kando. Na Wangechi alisimama pale kwenye kona akikungoja ugeuke."

"Alingoja sana?"

Ningeweza kumhurumia. Nilikumbuka jeneza juu ya kamba.

"Kula hilo sikio, shemeji," nikasema. "Linapoa."

Akalila.